Mbwa anayetafuna mlango ukitoka: jinsi ya kumfundisha kubaki mwenyewe

Kama ukitoka tu mbwa wako anaanza kubweka mpaka jirani anakupigia simu, ukirudi unakuta fremu ya mlango imetafunwa, pazia liko chini, mkojo sebuleni na ye mwenyewe amelowa mate mpaka kifuani, basi soma hii yote maana hali hiyo inarekebishika, ila sio kwa njia ambazo watu wengi wanashauriana mtaani. Huyo mbwa hana kiburi wala hakukomoi. Anaogopa, anaogopa kweli kweli, akibaki peke yake moyo unaenda mbio, hewa haimtoshi, anatafuta pa kutokea hata kwa kuvunja kucha na meno yake mwenyewe. Ukilishika hilo, kila ninachoeleza hapa chini utaona kinatoka hapo hapo.

Kabla ya chochote hakikisha kama kweli ndo tatizo lenyewe. Chukua simu ya zamani, iegemeze kwenye kabati iwe inaangalia mlango, washa video alafu toka kama unavyotoka siku zote, kaa hapo jirani dakika chache, ukimsikia anapagawa rudi, usisubiri. Sasa angalia hiyo video taratibu. Mwenye hofu ya kuachwa anaanza mapema, wengine hata geti halijafungwa, wengi ni ndani ya nusu saa ya kwanza, na anaelekea pale pale ulipotokea, mlangoni, dirishani, getini. Anazunguka, anahema ulimi nje wakati hamna joto la hivyo, anapiga miayo na wala hana usingizi, analambalamba midomo, masikio kayalaza nyuma, na chakula hakigusi hata kama umemwekea nyama. Mbwa aliyeboeka ni mwingine kabisa, ye atalala kwanza, akiamka ndo anasaka kandambili au mto au ndoo ya taka, na msosi wake anakula vizuri, huyo anataka matembezi na kitu cha kutafuna. Mtoto wa mbwa wa miezi minne mitano anabadilisha meno kwaiyo anatafuna chochote, hata ukiwepo. Na kuna anayeharibu siku za radi au fataki tu, shida yake ni mlio. Anayekojoa ndani mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo, na mbwa mzee aliyeanza ghafla vile vile, maana maumivu na uzee navyo vinaleta mambo yanayofanana na haya.

Fimbo weka chini. Najua inauma kukuta kochi la laki kadhaa limechanwa, lakini ukimchapa saa kumi na moja jioni kwa kitu alichofanya saa tatu asubuhi hawezi kuunganisha hivyo vitu viwili. Watu wanasema "anajua kosa lake, muone anavyojikunyata, anaangalia pembeni". Mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha utafiti mwaka 2009 kuhusu huo huo uso wa hatia, akakuta mbwa anauonyesha kwa sababu bosi wake anamgombeza, awe amekosa au hajakosa, na waliogombezwa bila kosa ndo walijikunyata zaidi. Kwaiyo ile sura ni ya kukuogopa wewe. Ukiendelea kumpiga unamtengenezea mbwa ambaye anaogopa ukitoka na anaogopa ukirudi, alafu unashangaa mwezi ujao kavunja na dirisha.

Sasa hatua ngumu kuliko zote, na ndo hapa wengi wanaishia: kwa kipindi chote cha mafunzo asibaki peke yake zaidi ya mda anaoweza kuvumilia. Yani kama anaweza sekunde ishirini, basi nje ya zoezi asiachwe. Kila akipagawa ile hofu inajikaza upya na kazi ya wiki nzima inaweza kuondoka siku moja. Utasema mimi nafanya kazi, nitawezaje. Kaa chini upange watu. Mme au mke anatoka saa ngapi, watoto wanarudi shule saa ngapi, dada wa kazi yupo siku gani, kuna bibi jirani anashinda nyumbani, kuna duka lako mwenyewe ambapo mbwa anaweza kulala chini ya kaunta, kuna kijana wa jirani anasubiri chuo kifunguliwe unaweza kumlipa kidogo ashinde hapo. Mbwa wengi hawadai uwe wewe, wanataka tu kuwe na mtu. Na kama dada au jirani ni Muislamu na kwake mate ya mbwa ni najisi, mheshimu kabisa, mwambie wazi kwamba hana haja ya kumshika wala kumlisha, akae tu ndani aendelee na shughuli zake na mbwa awe upande wa pili wa kigeti cha mbao, mbwa akimuona na kumsikia inatosha. Mlinzi wa getini naye anaweza kusaidia ila mjaribu kwanza kwa kamera, kuna mbwa ambaye mlinzi akikaa nje ya ukuta, kwake ni kama hamna mtu. Kwenye gari usimuache, kwa joto la Dar au Mombasa gari linaua mbwa ndani ya dakika chache.

Watu wakishapangwa ndo uanze kufundisha. Anza na zile dalili za kutoka. Mbwa wako anakusoma kuliko unavyodhani, ukichukua funguo tu keshaanza kuhema, ukivaa viatu vya kazini anakufuata mlangoni, wengine wanaijua mpaka ile pafyumu ya asubuhi. Kwaiyo funguo zichukue alafu kaa uangalie taarifa ya habari. Vaa viatu ukakoroge chai. Beba mkoba uende nao chooni urudi nao. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku bila kumsemesha, kitu kimoja kimoja, mpaka akisikia funguo hainui hata kichwa. Usivichanganye vyote siku moja.

Sambamba na hilo mpe sehemu yake, mkeka au blanketi kuukuu, na umzoeshe kutulia hapo wakati we upo. Akilala mwenyewe hapo dondosha kipande kidogo cha nyama au dagaa mkavu asiye na chumvi katikati ya miguu yake, bila mbwembwe. Akishakuwa analala kiubavu amelegea, inuka ukae. Inuka upige hatua mbili urudi. Nenda jikoni urudi. Kwa mbwa ambaye anakufuata mpaka bafuni hii peke yake ni kazi ya wiki na usiione ndogo, maana mbwa asiyeweza kuachana na wewe ndani ya nyumba hawezi kuvumilia mlango ukifungwa.

Alafu ndo mlango wenyewe, na hapa nitaeleza kwa kirefu maana ndo moyo wa jambo. Weka kamera, iunganishe na simu yako kwa video koli kama huna kamera ya wifi. Simama, nenda mlangoni, gusa kitasa, rudi ukae. Subiri mpaka atulie tena, yani ashushe pumzi, kichwa kirudi chini. Nenda tena, fungua mlango ufunge ukiwa ndani, rudi. Subiri. Fungua, toka, funga, hesabu moja, ingia. Ukiingia usimshangilie na usimgombeze, pita zako kama uliyetoka kuanika nguo. Ikienda vizuri mara ya pili hesabu tatu, inayofuata hesabu mbili, inayofuata tano, alafu rudi kwenye moja. Hiyo kupanda na kushuka ni ya makusudi, ukiwa unapandisha tu kila mara mbwa anashtukia kwamba mchezo unazidi kuwa mgumu na anaanza kuogopa hata zile fupi. Mwanzoni zoezi lote lisizidi nusu saa, mara moja kwa siku, na wiki iwe na siku moja au mbili za kupumzika.

Kanuni ni moja, unarudi kabla hajaogopa. Sio akishalia ndo unarudi, na sio unasubiri anyamaze. Ukiona kwenye skrini kasimama kaenda mlangoni, masikio mbele, hiyo bado ni udadisi, akirudi kulala sawa. Ukiona anaanza kuzunguka, anahema, anainua mguu mmoja wa mbele, analia kwa sauti ya chini, ingia, na zoezi la kesho lianze chini ya hapo, yani kama ilikuwa sekunde arobaini anzia ishirini. Wanaosema muache alie atazoea wanafanya kile cha kumtupa mtoto kilindini ili ajue kuogelea. Wapo wanaonyamaza, ila angalia kamera ujue amenyamaza kwa kutulia au kwa kuchoka.

Dakika za mwanzo zinachosha kuliko zote. Utakaa kwenye sekunde, alafu dakika moja, mbili, nne, utaona huendi popote. Lakini kwa mbwa wengi akishavuka kama nusu saa hivi akiwa amelala kabisa, baada ya hapo unaruka kwa dakika kumi, kumi na tano, na akifika saa moja na nusu au mbili kwa utulivu mara nyingi masaa yanayobaki yanakuja kwa haraka zaidi. Jumla hesabu miezi, kwa kesi nzito hata zaidi ya nusu mwaka. Andika kwenye daftari: tarehe, mda mrefu aliofika, alikuwaje, na nini kilitokea siku hiyo, maana utagundua vitu, kwa mfano siku umeme umekatika na jenereta la jirani linanguruma hafiki hata robo ya kawaida yake. Siku hizo usilazimishe.

Chakula kinasaidia kwa mbwa wa hofu ndogo, kwa hofu kali sikitegemei. Mfupa uliojazwa uji na mchuzi wa nyama usio na kitunguu wala chumvi, ukagandishwa kwenye friza, ni kitu kizuri cha kumtuliza ukiwepo, lakini ukitoka atauacha pale pale mpaka urudi, au ataula mbio na ukiisha ndo anakumbuka kwamba haupo. Tumia huo msosi kwenye mazoezi ya mkeka. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali vinachoma utumbo, na chokoleti, zabibu na kitunguu ni sumu kwake. Matembezi nayo mpe, alfajiri kabla lami haijapata moto, na muache anusenuse kila kichaka badala ya kumkokota, kichwa kinachoka vizuri zaidi hivyo. Ila mazoezi ya mwili peke yake hayaondoi hofu, mbwa aliyechoka naye anaogopa.

Kuna wanaomfungia kwenye kreti, yani kile kizimba cha mbwa, au banda dogo ili asiharibu, na wengine mnyororo. Kwa mbwa huyu ni hatari. Kwenye kreti anavunja meno na kung'oa kucha kwa kujaribu kutoka, kwenye mnyororo anaruka ukuta na kujinyonga. Kama lazima umzuie, muachie chumba kizima au korido, toa nyaya na vyenye makali, na uwe umejiridhisha kwa kamera kwamba hapo anatulia kweli. Na kwa sababu mbwa wa hivi siku yoyote anaweza kutoboa fensi akaingia barabarani, chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mda wake na awe na kola yenye namba yako ya simu. Kununua mbwa wa pili amliwaze pia usikimbilie, huyu anamkosa mtu, mara nyingi unaishia na mbwa wawili na mlango ule ule.

Dawa zipo na watu waache kuzionea aibu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitisha klomipramini kwa mbwa wenye hofu ya kuachwa mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007, zote pamoja na mafunzo. Kazi yake sio kumlaza, zinashusha ile hofu mpaka kichwa chake kiweze kujifunza, na zinachukua wiki kadhaa, kama nne mpaka nane, kabla hujaona kazi yake vizuri. Kama mbwa wako hawezi hata sekunde tatu, au anajiumiza, ongea na daktari wa mifugo mapema, mpelekee na ile video maana kliniki hatamuona akiwa kwenye ile hali. Usinunue mwenyewe duka la dawa za binadamu ukakadiria dozi, na usiiache ghafla. Ukipewa asepromazini peke yake uliza vizuri, hiyo inalegeza mwili lakini hofu inabaki ndani, mbwa analala pale kimya na bado anaogopa.

Akishaweza, usimchukulie poa. Mabadiliko yanamrudisha nyuma: kuhama nyumba, mtoto kwenda bweni, likizo ndefu ambayo wote mlikuwa nyumbani. Mkirudi toka kijijini kwa Krismasi au Idi, alikokuwa amezungukwa na watu kutwa nzima, usitoke masaa nane siku inayofuata. Anza na dakika tano, kamera ikiwa imewashwa, alafu nusu saa, kesho yake saa moja, na kama kote amelala ndo urudi kwenye ratiba yenu ya kawaida.