Jinsi kijiji kinavyoomba mpango wa matumizi ya ardhi bila kuyasahau mazingira

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaeleza mpango unavyoandaliwa. Kwa hiyo anzeni wenyewe, msisubiri mradi.

Halmashauri ikae, iazimie. Mtendaji wa kijiji aandike barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, ipitie kwa mtendaji wa kata, na aambatishe muhtasari wa kikao pamoja na nakala ya cheti cha ardhi ya kijiji kama kipo. Mgogoro wa mpaka na jirani utajwe humo humo. Ukifichwa utaibuka siku ya upimaji. Ombeni timu ya wilaya, ile ya PLUM (yaani usimamizi shirikishi wa matumizi ya ardhi), na mseme wazi kwamba mnataka afisa mazingira na mtu wa maji wawemo. Akija mpima na afisa ardhi peke yao, mtaishia kupata ramani nzuri tu.

Inafuata tathmini shirikishi, na hapa msiharakishe. Tembeeni kutoka mlimani hadi bondeni mkiwa na mkulima, mfugaji, akina mama wanaochota maji, hata mchoma mkaa akikubali kujitokeza, maana ndiye anayejua msitu ulikoishia. Kila mnaposimama ulizeni: hapa palikuwaje, panatumikaje sasa, na kiangazi patakuwaje tukibadili matumizi? Mkitenga malisho upande mmoja na lambo liko upande wa pili, ng'ombe watapita wapi? Njia yao isipochorwa watakatisha mashambani, na ugomvi utafika kabla ya mavuno.

Majibu yaingie kwenye jedwali kabla ramani haijapakwa rangi: eneo, matumizi yanayopendekezwa, athari kwa maji, udongo, miti na watu, namna ya kuzipunguza, na nani atasimamia. Mashamba yaliyofika ukingoni mwa mto yaangaliwe kwa makini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe wa bahari. Mwenye shamba hilo aambiwe mapema, tena kwa heshima.

Rasimu iende kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Jedwali lisomwe kwa sauti, si ramani peke yake, na mahudhurio yatiwe saini. Sheria ndogo za kulinda mpango nazo zipitishwe hapo, kisha zipelekwe kwa baraza la madiwani.

Mwekezaji akija baadaye na mradi mkubwa, mpango wenu haumwondolei wajibu wa tathmini ya athari kwa mazingira. Cheti chake anakiomba kupitia NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Mtakeni awaonyeshe kabla greda halijaingia.