PR ya Kanada imetoka? Subiri, bado hujatua

Watu wakipata tu ile imeili ya uhamiaji wa Kanada ya kuombwa paspoti wanaita ukoo mzima, mbuzi anachinjwa, kumbe kisheria hujawa mkaazi wa kudumu (ndiyo PR yenyewe) bado, unakuwa siku ile unasimama mbele ya ofisa pale uwanja wa ndege Toronto au popote unapoingilia na yeye akakupitisha.

Hela kwanza. Kama ada ya haki ya ukaazi hukuilipa mwanzoni watakudai sasa, Aprili 2024 ilipanda ikawa dola 575 za Kanada kwa mtu mzima, watoto wanaokutegemea hawalipi. Lipa, kisha peleka paspoti VFS, kampuni inayopokea maombi ya viza, itarudi na viza na ile karatasi ya COPR, ya kuthibitisha ukaazi wako wa kudumu. Kagua jina na tarehe ya kuzaliwa ila USISAINI, saini inawekwa mbele ya ofisa. Angalia na tarehe ya mwisho, mara nyingi inafuata vipimo vya afya vinavyodumu miezi 12, au paspoti kama inaisha mapema, na usitegemee kuongezewa.

Sasa kinacholiza watu kweli ni familia. Umefunga ndoa katikati hapa, au mtoto kazaliwa, au kuna mtoto wa nje ulimficha kwenye fomu ukiogopa nyumba kuwaka moto, waambie uhamiaji KABLA hujatua hata kama huyo mtu haendi na wewe. Ukitua kimya na yeye hajachunguzwa, kesho ukitaka kumvuta kama familia mlango umefungwa, nafuu zipo chache sana. Na usijidanganye eti ndoa ilikuwa ya msikitini tu haina cheti cha serikali, kwao hata kuishi na mtu kama mke na mume mwaka mzima kunahesabiwa. Ndio, faili litachelewa, acha lichelewe.

Mizigo andika orodha mbili, unayoingia nayo na itakayofuata baadaye, maana kisichoandikwa siku hiyo kinaweza kutozwa ushuru kikija. Dhahabu za harusi zipige picha, uandike na thamani. Pesa taslimu ikifika dola 10,000 za Kanada unaitaja, sio kosa kuwa nayo, kosa ni kunyamaza. Kama uliingia kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi beba na statimenti ya benki ya karibuni, wanaweza kuiulizia.

Ukishapita toa anwani ya Kanada, hata ya rafiki unayemwamini, kadi ya PR inatumwa kwa posta na nje ya nchi haitumwi, una siku 180 za kuitoa hiyo anwani la sivyo unaomba upya na kulipia. Namba ya SIN, ile ya kufanyia kazi na kodi, ni bure kwenye ofisi za serikali za Service Canada, anayekuomba hela ya kukufanyia hiyo mkimbie. Bima ya afya inategemea jimbo, Ontario hakuna kusubiri siku hizi ila British Columbia unangoja mwezi uliofika uishe na mingine miwili, nunua bima binafsi ya kuziba hapo.

Na usikimbilie kurudi nyumbani kabla kadi haijafika, ndege haitakubeba kurudi Kanada bila kadi au kibali maalumu cha safari ambacho nacho unakiomba ukiwa nje ya Kanada na kukilipia. Kuishi kule unatakiwa siku 730 katika kila miaka mitano, sio lazima zifuatane, kwa hiyo wenye biashara Kariakoo mnaweza kwenda na kurudi, tunzeni tu tiketi na kumbukumbu za tarehe.