Kuchagua chanzo cha saa kwenye kadi ya sauti

Ukiunganisha kadi ya sauti na prii-ampu (kifaa cha kukuza sauti) ya maikrofoni 8 kwa kebo ya mwanga ya ADAT, yaani inayobeba chaneli nyingi za sauti kwa mwanga, kifaa kimoja tu ndicho kihesabu sampuli (vipimo vidogo vya sauti kila sekunde), kingine kifuate. Kuhesabu huko ndiko huitwa “saa”. Kila kimoja kikihesabu kivyake, vitaachana kidogo kidogo, nawe utasikia vimlio vya “tik” visivyo na mpangilio hata kama mita zinaonyesha kila kitu ni sawa. Wengi hulaumu maikrofoni bure.

Kebo ikiwa moja tu, kutoka prii-ampu kwenda kadi, prii-ampu ndiyo kiongozi. Iwekee saa yake ya ndani, 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde). Fungua programu ya kadi, tafuta “Clock Source”, toa “Internal”, weka “ADAT”. Subiri sekunde chache hadi ionyeshe imeshika (“lock”), yaani kadi inafuata saa ya prii-ampu. Isiposhika, chomoa kebo upande wa kadi na uielekeze kiganjani, si machoni: lazima uone mwanga mwekundu.

Programu ya kurekodia nayo iwe 48 kHz. Ukipandisha hadi 96, kebo hiyo hiyo hubeba chaneli 4 badala ya 8.

Ukizima prii-ampu, rudisha “Internal”. Usiporudisha, kadi inaweza kunyamaza kabisa.