Mac au Windows kwa studio ya geto: jinsi ya kuchagua mashine ukiwa Mtwara au Lindi

Hela za korosho zikishaanza kuingia tu, swali linalonifikia kutoka Masasi, Newala, Ruangwa mpaka Lindi mjini ni lile lile, kaka nimepata hela kidogo nataka nianze kutengeneza biti geto, nichukue Mac au Windows? Na wengi wanauliza washatumiwa picha ya MacBook ya zamani na dalali wa Dar anayewaambia maprodyuza wakubwa wote wanatumia hiyo. Naomba sana kabla hujatuma hela soma hapa kwanza, maana hela hiyo ikipotea unasubiri msimu mwingine.

Anza na programu. Yaani jiulize utafanyia kazi kwenye nini na wenzako unaoshirikiana nao wanatumia nini, mashine itafuata yenyewe. Vijana wengi wa singeli na bongo fleva ninaowajua wameanzia FL Studio, programu ya kutengenezea biti, na FL ilikaa miaka mingi ikiwa ya Windows tu, toleo kamili la Mac lilikuja 2018. Siku hizi fail la FL ulilotengeneza kwenye Windows linafunguka kwenye Mac na kinyume chake, ila plagini za nje (vijiprogramu vya ala na efekti unavyoongeza ndani ya programu) lazima ziwepo kwenye mashine zote mbili, la sivyo unafungua projekti unakuta piano haipo. Logic Pro yenyewe ni ya Mac peke yake, Apple waliinunua kampuni iliyokuwa inaitengeneza mwaka 2002 wakalifuta toleo la Windows, inauzwa karibu dola 200 unalipa mara moja. Cubase, Ableton Live na Pro Tools zipo pande zote mbili. Reaper nayo ipo Windows, Mac na hadi Linux, leseni ya mtu wa kawaida dola 60, unaijaribu siku 60 bure, na fail lake la kupakua halifiki hata MB 50 kwa hiyo kwa sisi wa bando ni neema. Linganisha na Logic, ukitaka sauti zake zote unahitaji nafasi inayopita GB 70.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa FL na wenzako wote wapo FL, hakuna sababu ya kujikamua ununue Mac. Kama umejifunza Logic kwa mtu na mikono ishazoea huko basi Mac ndo yako, hakuna njia nyingine. Ukiamua kuinunua FL yenyewe angalia na toleo, lile la chini la Fruity halirekodi sauti ya maiki, ukitaka kurekodi waimbaji anzia toleo la Producer, na uzuri wake ukishalinunua apdeti zinazokuja ni bure maisha yote.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe, na hapa ndo watu wanapigwa. Upande wa Windows mimi nakushauri laptop za maofisini zilizotumika, Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, hizo zimetengenezwa ngumu na zinafunguka kirahisi. Ila soma namba ya prosesa kwa macho yako mwenyewe, usikubali neno "hii ni i5" likaishia hapo. Baada ya i5 kuna kistari halafu namba, mfano i5-7200U na i5-8250U. Kwa macho zinafanana, lakini ya kwanza ni kizazi cha 7 na ina kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) mbili tu, ya pili ni kizazi cha 8 ina kori nne. Kwenye muziki hiyo ni tofauti kubwa mno, ukishaweka plagini kumi na kitu ile ya kori mbili inaanza kukwaruza na kukatakata. Halafu Windows 11 inakubali rasmi kuanzia hicho kizazi cha 8 kwa Intel, na Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 2025, kwa hiyo anayekuuzia i7 ya kizazi cha 4 kwa kigezo kwamba "i7 ni kubwa kuliko i5" anakuuzia kitu kilichopitwa.

RAM usishuke GB 8, na kama unatumia maktaba za ala kama vinanda na viola vya Kontakt (programu ya kupiga sauti za ala zilizorekodiwa) lenga 16. SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ni lazima, diski ya kuzunguka iache iwe ya kuhifadhia tu. Laptop kama EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 zina nafasi mbili za RAM, unanunua na 8 leo ukivuna tena unaongeza nyingine. T480 naipenda zaidi kwa sababu moja ya huku kwetu, ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomoka, umeme ukikatika katikati ya kurekodi hata hushtuki. Angalia tu usichanganye na T480s, ile nyembamba, RAM yake moja imegandishwa kwenye bodi. Na hii ya umeme ndo inanifanya nisimshauri mtu anayeanza anunue desktop, desktop inakupa nguvu nyingi kwa hela ndogo kweli, lakini bila UPS (betri ya akiba) umeme ukikatika umepoteza kila ambacho hukusevu.

Ukiwa dukani au kwa muuzaji fanya hivi mwenyewe, usione aibu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, pale utaona prosesa, RAM na nafasi ngapi za RAM zimetumika, na kama diski ni SSD. Kisha fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti, tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity, kama betri ilizaliwa na 50,000 na sasa inajaa 20,000 tu basi hiyo imechoka, omba punguzo au akubadilishie. Beba na fleshi yenye programu ya LatencyMon inayopima kama mashine inakatisha sauti, ambayo ni bure, iache izunguke dakika kumi huku waifai imewashwa, ikikupa rangi nyekundu ujue kuna draiva (vijiprogramu vinavyoendesha vifaa vya mashine) zinazoingilia sauti. Wakati mwingine ukizima waifai inatulia, na kama inatulia hiyo siyo shida, utakuwa unazima ukirekodi.

Mac sasa. Ukiichukua chukua zenye prosesa ya Apple wenyewe, M1 na kuendelea, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020. Zile za Intel za bei chee ndo mtego wenyewe, MacBook Pro ya 2012 mfumo wake wa macOS uliishia toleo la zamani la Catalina, ya 2015 ikaishia Monterey, na Apple washasema macOS Tahoe ndo ya mwisho kwa Mac za Intel, maana yake Logic mpya utaisikia kwa wenzako. M1 yenyewe ni mashine tamu sana, haikuchoshi na chaji, na MacBook Air yake haina feni kabisa kwa hiyo unarekodi sauti chumba kikiwa kimya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa feni, joto letu la Desemba mpaka Machi kwenye chumba cha bati litaipunguza spidi ukiipa kazi ndefu. RAM na SSD haziongezeki baadaye, unachonunua ndo hicho mpaka mwisho. Na ikiharibika bodi, mara nyingi inapanda basi kwenda Dar, wakati Dell yako fundi wa hapa hapa mjini anaifungua. Kabla hujalipa hakikisha mwenye nayo ametoka kwenye iCloud yake mbele yako, ifutwe kila kitu na uiwashe kama mpya mpaka ifike mwisho, ukikuta inadai akaunti ya mtu au ya kampuni iache hapo hapo.

Kitu kinachowafanya watu waseme Mac ni bora kwa muziki ni sauti kuchelewa, yaani unabonyeza kibodi sasa hivi unaisikia baadaye. Mac ina Core Audio ndani yake, Windows ikitumia draiva zake za kawaida inachelewa kweli. Dawa ni ASIO, draiva maalumu ya sauti isiyochelewesha. FL inakuja na ya kwake, ipo pia ASIO4ALL ya bure, ila iliyo bora ni ile inayokuja na saundi kadi ya nje kama Focusrite Scarlett au Behringer UMC202HD. Ukiweka bafa (fungu la sauti ambalo mashine inalikusanya kabla ya kulitoa) sampuli 128 kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3, hiyo huisikii, ukiweka 1024 zinafika 23 na hapo mwimbaji anaanza kulalamika. Weka chini ukirekodi, panda juu ukimiksi. Ndo maana nasema kwa bajeti ndogo bora Windows ya kawaida pamoja na saundi kadi nzuri kuliko Mac inayomaliza hela yote ukabaki unarekodi kwa maiki ya laptop. Na kama una ndoto ya kurekodi ngoma za sindimba, chukua saundi kadi yenye matundu mawili ya maiki au zaidi, tundu moja halitakutosha.

Ukisikia mlio wa mmmmm kwenye rekodi, chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri, mara nyingi mlio unaisha hapo hapo. Na zima pangaboi, najua joto, vumilia mistari miwili mitatu.

Kama mashine uliyonayo ni ya zamani na huna hela kabisa, usiitupe, weka Ubuntu Studio, mfumo wa bure wa Linux, na utumie Reaper au Ardour, programu nyingine ya kurekodi, ila usitegemee FL huko maana hawana toleo la Linux. Simu nayo inaanzisha mtu, BandLab ipo bure kwenye Android, iPhone wana GarageBand.

Ukimtumia mtu wa Dar amiksi, asikwambie mpaka uwe na Mac kama yake. Toa treki moja moja kwa WAV ya biti 24, zote zianzie sifuri, atazifungua kwenye programu yoyote. Wimbo wa dakika nne treki moja ya mono ni kama MB 32, treki ishirini zinagonga MB 640, kwa hiyo zigeuze FLAC kwanza, ubora haupungui hata kidogo na mzigo unashuka karibu nusu. Na kopi nyingine iweke kwenye diski ya nje unayoifunga kwenye mfuko mkavu, unyevu wa chumvi wa Shangani na Mikindani unakula matundu ya USB taratibu.