Kupanga Kabati la Dawa na Kisanduku cha Huduma ya Kwanza Nyumbani

Kabla ya kununua chochote, chagua mahali pa kuhifadhi, kwa sababu joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam huharibu dawa kabla hata ya tarehe yake kufika. Boksi nyingi huelekeza dawa ikae chini ya nyuzi joto 30, kiwango ambacho chumba cha bati kisicho na dari hukivuka mapema mchana wa Februari. Bafuni na jikoni hapafai, wala juu ya friji, mahali tulipopazoea mno, kwa kuwa friji yenyewe hutoa joto. Rafu ya juu ya kabati la nguo linalofungwa kwa ufunguo inatosha.

Vifaa vya huduma ya kwanza vikae mahali pao, katika kisanduku kisichofungwa, ili mtu mzima yeyote avifikie upesi: glovu, gozi, bandeji, plasta, mkasi, kibano na kipimajoto. Spiriti irudi kwenye kabati la ufunguo. Kwa aliyeungua, kisanduku husubiri kwanza: mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, na bomba likiwa kavu, kama linavyotufanyia mara kwa mara, tumia kopo na ndoo, kisha funika kwa gozi. Dawa ya meno na unga visiguse jeraha.

Kwenye dawa zenyewe, anza na ORS (chumvichumvi za kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha. Soma pakiti ya ORS kujua kiasi cha maji, kwa maana ile ya lita moja ikimiminwa ndani ya chupa ya lita moja na nusu mchanganyiko huwa mwepesi kupita kiasi. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na yakibaki baada ya saa 24, yamwage. Parasetamoli ya maji ya mtoto ipimwe kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha chai, na dozi ifuate uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki. Aspirini usimpe mtoto.

Kinachohitaji ukali zaidi ni mabaki. Antibayotiki zilizosalia na nusu dozi ya mseto, dawa ya malaria, havina kazi kabatini, kwa kuwa homa inapaswa kupimwa malaria kwanza. Matone ya macho, kwa kawaida, hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, na mtoto akiyanywa asitapishwe, bali apelekwe hospitali mara moja.

Ndani ya mlango wa kabati bandika karatasi yenye uzito wa kila mtoto, dawa zinazomletea mzio mtu yeyote wa nyumbani, namba ya dharura 112, na ya dereva wa bajaji wa mtaani aliyekubali kupigiwa simu usiku.