Namna ya Kukagua na Kukarabati Nyumba ya Mawe ya Shamba la Karafuu

Kwenye mashamba ya Unguja na Pemba bado zimo nyumba za mawe zilizojengwa karne ya 19, enzi ambapo Sayyid Said, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Zanzibar na kilimo cha karafuu kikaenea. Hamamu ya Kidichi, yaani jengo la kuogea lililojengwa mwaka 1850, inajulikana kwa wageni wengi, lakini hapa nazungumzia majengo ya kawaida zaidi: nyumba ya mwenye shamba, ghala, na sakafu ya kuanikia karafuu. Anayerithi jengo la namna hii mara nyingi hukimbilia kununua saruji kabla hajajua limesimamaje, na ndiyo sababu naanza na ukaguzi.

Pima kwanza upana wa vyumba. Chumba kinaweza kuwa kirefu sana, lakini upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi, kwa kuwa dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka yenye nguvu ya kutosha ni shida kuipata ndefu kuliko hapo. Ukuta unaotenga vyumba viwili vya aina hii ndio unaobeba dari la pande zote mbili. Anayeubomoa ili apate sebule pana anajiangushia nyumba.

Kisha utazame ukuta wenyewe, ambao unene wake hufika nusu mita au zaidi. Kwa kawaida una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati yake mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Maji ya mvua yakipata njia kwa juu, huosha udongo huo wa katikati, nyuso mbili zikaanza kuachana na ukuta ukafanya tumbo. Shusha timazi (uzi wenye kitu kizito nchani) kutoka juu, upime nafasi iliyopo kati ya uzi na ukuta kila baada ya nusu mita, kisha ugonge taratibu kwa nyundo ndogo sehemu iliyovimba na kutia alama ya chaki kila panapotoa sauti ya uwazi. Tumbo kubwa haliponi kwa lipu: lisimamishiwe miti ya kulizuia, na aitwe mwashi anayezijua kuta za zamani kabla masika hayajaanza.

Boriti nazo huoza kwanza kwenye ncha zilizozama ukutani. Chomeka bisibisi karibu kabisa na ukuta. Ikiingia bila kusukumwa kwa nguvu, boriti hiyo ibadilishwe hata kama sehemu inayoonekana bado ni nzima.

Matengenezo yaanze na paa, kwani lipu mpya chini ya paa linalovuja ni pesa iliyotupwa. Baada ya hapo ondoa saruji yoyote iliyopakwa miaka ya karibuni, kwa patasi na kwa subira, usije ukang'oa mawe pamoja nayo. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na huzuia unyevu unaopanda kutoka ardhini usitoke nje; unyevu huo hubaki ndani pamoja na chumvi, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana safi. Mafundi wengi wa siku hizi husema kwamba chokaa ni ya kupaka rangi tu, ilhali nyumba hizi zote zilisimamishwa nayo.

Tumia chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, na kulowekwa kwa wiki kadhaa. Usijizimie mwenyewe chokaa mbichi bila miwani na glavu, kwa sababu huchemka ikiguswa na maji na inaweza kupofusha. Changanya sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga wa shimoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo ndiyo unayoikimbia. Lowesha ukuta, paka tabaka la unene wa milimita 10 hivi, kisha lifunike kwa magunia yenye maji, maana chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni na ikikaushwa na jua hubaki unga. Tabaka la pili lisubiri hadi la kwanza likatae kuingia ukucha.

Nyufa za sakafu ya kuanikia hutengenezwa kwa chokaa hiyo hiyo iliyochanganywa na kokoto ndogo, ikapondwapondwa kwa vipande vya mti hadi maji yapande juu na uso ulainike.