Kufuatilia asili ya neno “saba”

Anza na maandishi ya lugha yenyewe. Herufi za Kilatini ndizo zinazopoteza watu. Namba 7 yetu ni سبعة ya Kiarabu, yenye herufi ‘ayn katikati. Ufalme wa kale wa Saba, huko Yemeni, ni سبأ, huishia na hamza (alama ء). Upepo wa mashariki ni صبا, huanza na herufi nyingine kabisa. Mizizi mitatu, tahajia moja!

Kisha tafuta njia ya kukopana: biashara, dini, ujirani. Kiebrania kilichukua saba, yaani babu, kutoka Kiaramu. Kijapani 鯖, linalosomwa saba, ni samaki, na Ufilipino saba ni ndizi ya kupika. Hapo usilazimishe undugu.

Mwisho, kagua maneno jirani. Sita na tisa nayo yametoka Kiarabu. Tano ni la Kibantu.